Watoto Sita wa Aune Niemela

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu asubuhi ile theluji ya kwanza ilipoanguka ukiwa kwenye kiti chako jikoni. Unga ulikuwa umeshaukanda na kuufunika kitambaa. Ukafumba macho kupumzika kidogo, na hukuyafumbua tena. Eino mwanao alipofika saa nne, unga ulikuwa umefura hadi unamwagika kando ya bakuli. Hakujua aufanye nini, basi akaukanda upya akauoka. Huo mkate wa iliki ndio tuliokula siku ya kukuzika, na kila mtu alisema una ladha ya mkono wako, ingawa Eino aliutia chumvi mara mbili.

Tangu hapo majira yote manne yamepita hapa mjini Hancock, nasi tumepita ndani yake kama watu walio katika ukungu wa ziwani. Unauona mkono wako, unamsikia mwenzako akikohoa mahali fulani mbele, lakini njia huioni. Baadhi yetu bado tunakusikia asubuhi ukiburuza ndara. Marquise, mwenzetu, anasema amekusikia mara mbili nyumbani kwake kule Marquette, mahali ambapo hukulala hata siku moja.

Eino, mwanao wa kumzaa, kaniambia tangazo hili la kumbukumbu gazetini niliandike mimi. "Wewe ndiye uliyesoma," kasema. Nikamjibu kwamba nilisomea kupima ardhi, sikusomea kuandika. Akasema zote ni kazi za kuchora mistari. Basi naandika mimi, Tamsin, na wenzangu wananichungulia begani.

Ulipika miaka ishirini na sita katika jiko la shule ya sekondari. Ulituambia kwamba mtoto anayehamishwa nyumba hadi nyumba humjui kwa nguo zake. Unamjua kwa anavyokula: anamaliza haraka, na macho hayatoki mlangoni. Mumeo, Baba Toivo, alipofariki, ulikwenda kwa watu wa ustawi wa jamii ukawaambia una vyumba vitatu vitupu. Wakakuletea orodha ya watoto wadogo. Wewe ukaomba wakubwa, wale wanaokaribia kumaliza shule, ambao hakuna aliyekuwa akiwaulizia. Afisa akakuonya kwamba hao ni wagumu. Ukamwambia umelisha vijana mia nne kila siku ya Mungu, sasa mgumu ni nani.

Wa kwanza alikuwa Darla, ambaye leo ni fundi umeme. Wa pili nilikuwa mimi.

Nilifika nikiwa na miaka kumi na sita na miezi minne, na nyumba yako ilikuwa ya kumi na mbili. Ilikuwa Februari. Theluji ilikuwa imepanda hadi juu ya madirisha ya chini, na mwanga wa mchana ulipenya humo ukawa wa buluu, kama tulikuwa tunaishi chini ya maji. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu mweusi wa takataka, maana mifuko hiyo ndiyo masanduku yetu sisi wa kuhamishwahamishwa. Ulinipa soksi za sufu kabla hujaniuliza jina.

Asubuhi ulikoroga uji, ukaniuliza nimeota nini. Nikasema mimi siotagi. Ukasema sawa, ukanipakulia. Siku ya pili ukauliza tena, na ya tatu, na ya thelathini, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeuliza kama kuna barua. Hukuniuliza hata mara moja kuhusu mama yangu, wala kwa nini nilitolewa nyumba ya kumi na moja. Mwezi wa nne nilikwambia nimeota nyumba ndefu isiyo na paa, na ndani yake kunanyesha theluji yenye joto. Ukaacha kukoroga. Ukasema, "Hiyo ni nzuri," ukaniongezea asali. Tangu siku hiyo nilikuwa naamka nikizikusanya ndoto mapema nisije nikazisahau kabla ya kushuka ngazi.

Nilikuwa nimesoma shule saba, na kila shule ilikataa kuhesabu yaliyofundishwa na nyingine. Hesabu za mwaka wa kwanza nilizisoma mara tatu. Mwalimu mmoja wa zamani aliwahi kuandika kwamba sina uwezo. Ukaivuta stuli hadi kwenye simu ya ukumbini, ukavaa miwani, ukaanza kupigia simu shule moja baada ya nyingine kwa ile sauti uliyoitumia kwa muuza viazi aliyekuletea vilivyooza. Nilikuwa nimekaa juu ya ngazi, hunioni.

Ulisema, "Naomba matokeo ya mtoto wangu."

Nilidhani ni ujanja wa kuharakisha mambo. Uliisema mara saba, na ilipofika ya saba nilirudi chumbani nikafunga mlango taratibu. Wiki sita baadaye karatasi zote zilikuwa mezani. Tukazihesabu mimi na wewe, kumbe nilikuwa nyuma kwa muhula mmoja tu. Miaka yote ile nilidhani mimi ni mjinga.

Siku niliyotimiza miaka kumi na minane nilikunja nguo zangu, nikazitia kwenye mfuko wangu mweusi, nikatandika kitanda. Hakuna aliyeniambia niondoke. Ila nilijua hesabu ya serikali inavyokwenda, kwamba malezi yake huishia hapo, na niliona ni adabu kujiondoa mwenyewe kabla hujalazimika kuniambia. Ulipanda, ukasimama mlangoni, ukautazama ule mfuko.

"Hizo ni za kufua?" ukauliza.

Nikasema nimetimiza kumi na minane.

"Najua. Keki iko mezani. Kama ni za kufua zilete chini. Kama si za kufua zirudishe kabatini."

Nilizileta chini. Zilikuwa safi zote, na ulizifua.

Ni wewe uliyemshika Mzee Hocking, mpima ardhi, akiwa amejipumzikia kanisani na kahawa yake. Ulimwambia una binti anayeweza kutembea msituni siku nzima bila kulalamika na bila kuongea, na kwamba kwa kazi yake hizo ni sifa. Kiangazi kilichofuata nilimshikia fimbo ya kupimia. Nilisimama kwenye misonobari na mierezi, mbu wamenifunika, yeye yuko mbali anachungulia kwenye darubini yake, anainua mkono, nasogea kushoto. Sehemu yoyote aliyonisimamisha ilipata namba. Jioni nilirudi nikiwa na utomvu kwenye nywele, nikakwambia nataka kuisomea kazi hii. Ukasema basi kesho tuanze kujaza fomu, na leo nenda ukaoge kwenye chumba cha mvuke cha uani, unanuka.

Chuo kilikuwa ng'ambo ya daraja tu, lakini ulinitaka nilale bwenini kama wenzangu. Ulisema nimeshahamishwa mara kumi na mbili bila kuulizwa, sasa nihame mara moja kwa kupenda. Chumba changu ukakiacha kama kilivyo. Nilifurahi hadi Desemba, na Desemba nikaanguka somo la hesabu. Sijui niliogopa nini hasa. Nilichokijua ni kwamba siku zote mambo yalipoharibika nyumba iliisha, na nilitaka iishe nikiwa sipo. Nilipanda basi hadi Green Bay. Nikapata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja. Sikukupigia simu wiki tano.

Darla alikuwa akikaa mji huo huo. Aliniona dukani, na yeye ndiye aliyekwambia. Wewe hukuwa unaendesha gari wakati wa theluji, kwa hiyo ulipanda basi, safari ya saa tano na nusu, na vyakula kwenye kikapu. Niligeuka kwenye mashine na mikono imejaa mashuka, nikakuona kwenye mvuke ule umesimama na koti lako la kijani. Kwa muda kidogo niliamini ni moja ya ndoto zangu za asubuhi. Ulivua koti. Ukashika ncha mbili za shuka, nami nikashika mbili. Tukakunja pamoja hadi zamu ikaisha. Yule msimamizi alidhani umeajiriwa.

Kisha tukakaa kwenye benchi la wafanyakazi, ukafungua kikapu.

"Sijaja kukurudisha," ulisema. "Nimekuja kuona kama unakula."

Nikaanza kulia. Nikakwambia nimeanguka, nimekuaibisha, nimepoteza nafasi niliyopewa.

"Umeanguka somo, Tamsin. Watoto wa watu wanaanguka kila mwaka. Wanarudi kwao, wanalala mpaka saa sita, wanagombezwa, wanarudia. Wewe ukianguka unadhani nyumba imeanguka. Nyumba nimeiacha asubuhi imesimama. Nimeifunga mwenyewe."

Nikakuuliza, "Na kama nikianguka tena, Mama?"

Ndivyo nilivyosema. Karibu miaka mitatu nilikuwa nakuita Bi. Aune. Ulijifanya hukusikia, ukanimenyea yai.

"Utarudia tena," ulisema. "Kula."

Nilirudi kwa basi lile lile pamoja nawe, umesinzia begani kwangu, na nje miti yote ilikuwa myeupe tupu. Lile somo nililirudia mara moja, si mbili.

Krismasi iliyofuata mabweni yalifungwa kama kawaida, na nikamkuta kijana mmoja kutoka Detroit amejificha maktaba na begi lake, anakula biskuti kavu. Alilelewa kama sisi, na hakuwa na pa kwenda wiki tatu. Nikakupigia simu. Uliuliza kitu kimoja, kama anakula samaki. Huyo ndiye Marquise. Alikuwa na miaka kumi na tisa, serikali haikuwahi kumleta kwako wala kukuandikia karatasi yake, na alikaa likizo zote mpaka alipohitimu uuguzi. Mara ya kwanza tulipomwingiza kwenye chumba cha mvuke alitoka mbio akaanguka kwenye theluji, akatuuliza kama hivi ndivyo tunavyoua wageni huku. Ulicheka hadi ukakaa chini.

Baadaye wakaja Wyatt na dada yake Josie, ambao watu walitaka kuwatenganisha, na wewe ukawaambia maafisa kwamba vyumba vyako havitengani. Wyatt leo anafundisha watoto kusoma. Josie anaoka mikate katika duka lake mwenyewe, ila anasema wa iliki bado unamshinda.

Sasa, Mama, kuna jambo ambalo hulijui, na Eino mwenyewe ndiye aliyesema lazima liandikwe.

Tangazo la kifo chako gazetini mwaka jana lilisema kwamba umeacha mtoto mmoja. Nililisoma nimesimama kwenye kituo cha mafuta, kahawa mkononi. Nililisoma tena nikidhani nimeruka mstari. Sikumwambia mtu. Siku ya mazishi nilikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na yanapotundikwa makoti. Marquise alinifuata akaniuliza mbona nimejificha huku. Nikamwambia mbele ni pa familia. Akanitazama, akatazama mbele, kisha akakaa kando yangu. Darla naye akaja. Tukajaa benchi zima, na pale mbele Eino alikaa peke yake.

Sikuja nyumbani baridi yote. Machi nilifaulu mtihani wa leseni ya kupima ardhi, Mama, ule niliokuwa nausomea ulipoondoka. Nilikuwa kwenye gari nilipopata habari. Kidole kikapiga namba ya nyumbani kabla sijafikiri. Ikaita. Niliiona simu ile ya ukumbini, na stuli, na lile dirisha lililofunikwa, na mwanga wa buluu. Niliiacha ikaita muda mrefu sana.

Mei, Eino alitaka kuuza nyumba, na mnunuzi akataka mipaka ipimwe. Mzee Hocking, ambaye bado nafanya kazi kwake, akanituma mimi. Alijua ni nyumba gani, alijifanya hajui. Nilifika asubuhi, theluji imebaki mabaka mabaka chini ya miti, nikasimamisha darubini yangu uani. Eino akatoka na vikombe viwili vya kahawa.

Akasema sikuja wakati wa baridi. Nikasema nilikuwa na kazi. Akasema wakati wa baridi ardhi yote imefunikwa, kwani tunapima nini. Basi akauliza kama ni lile tangazo, nikasema ndiyo.

Nilijua atasema alisahau. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Kusema kweli, dada, sikusahau," alisema. "Yule msimamizi wa mazishi, akiandaa tangazo, aliponiuliza Mama kaacha watoto wangapi, niliwafikiria nyote. Nikasema mmoja. Nilipokuwa mdogo alikuwa anawapikia watoto mia nne, anarudi kachoka. Nilipokua akawachukua nyie. Nilitaka awe wangu peke yangu, hata kwa siku moja."

Ningependa kukwambia nilimsamehe hapo hapo, lakini unanijua. Nilirudi kwenye darubini. Nilipima upande mzima wa mashariki, naye ananifuata nyuma na kikombe chake kilichopoa. Tulipofika kwenye miti akaniuliza kama anaweza kunishikia fimbo. Nikampa. Akaishika imepinda. Nikamwambia ainyooshe, akainyoosha. Tukaenda hivyo mpaka kona ya nyuma, yeye mbali na mimi mbali, na kati yetu uwanja wako wote, na jua limeanza kuinua mvuke kwenye theluji ile ya mwisho hadi akawa kama kivuli tu kinachoshika fimbo.

Nikamwita. Nikamuuliza, "Hiyo siku yako moja imeisha?"

Akainyoosha tena ile fimbo. "Imeisha," akasema.

Tukakaa kwenye kizingiti cha chumba cha mvuke. Nikamwambia nilipata leseni Machi. Akageuka akaniangalia.

"Ni wewe uliyepiga simu?" akauliza. "Nilikuwa nimesimama pale pale ukumbini. Niliogopa kupokea. Nilidhani ni mtu anamtafuta Mama."

"Nilikuwa namtafuta Mama," nikasema.

Akaweka kikombe chini. Hapo ndipo tulipokulilia, Mama, sisi wawili, miezi saba baada ya kukuzika, mchana kweupe, na Bi. Saima jirani akituangalia kutoka dirishani kwake.

Vipimo vilionyesha kwamba chumba cha mvuke alichojenga Baba Toivo kimeingia futi tatu kwa Bi. Saima. Nilikwenda kumwambia, maana sheria ya kazi yangu ndiyo hiyo. Akasema kumbe miaka yote hiyo mlikuwa mnacheka kwenye ardhi yake, na akaomba tusikivunje, maana nyumba imekuwa kimya mno.

Eino hakuuza. Alimpigia mnunuzi akamwomba radhi. Mimi nimehamia nyumbani tangu Julai, yeye ametengeneza paa, na watu wa ustawi wa jamii walikuja wakakagua vyumba, wakatupa kibali. Mwezi wa tisa wakamleta msichana mmoja anayeitwa Brielle. Ana miaka kumi na sita. Anataka kusomea matibabu ya wanyama, lakini hilo amemwambia paka wa Bi. Saima tu, mimi nimelisikia kwa bahati. Karatasi zake za shule ziko sehemu tano. Nimeshapata tatu.

Jumapili iliyopita tulikutana wote kupanga siku ya leo. Marquise alileta samaki, Josie akaleta mkate wake akatukataza kuulinganisha. Nje theluji ilianza, ile laini isiyo na upepo, inayoanguka kama haina haraka ya kufika chini. Brielle alikuwa ameshika sahani, anataka kupanga meza. Akamuuliza Eino, "Nyie mko wangapi?"

Sote tukamgeukia Eino. Brielle hakujua kwa nini.

"Mama ana watoto sita," Eino akasema. "Hao ndio sisi. Kwa hiyo weka saba, maana na wewe unakula."

Brielle alitutazama mmoja mmoja kama anayehakikisha. Kisha akarudi kabatini akaongeza sahani.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni watoto wako, kwa mfuatano wa ulivyotupokea: Eino, Darla, Tamsin, Marquise, Wyatt na Josie; pamoja nao Brielle, aliyekuja ukiwa umeshaondoka na analala chumba cha juu; jirani yako Bi. Saima, Mzee Hocking, na wote waliowahi kula kutoka mkononi mwako.

Pumzika, Mama. Nyumba imesimama. Tutakukumbuka daima, sote.